Bibi Aliyebaki Garini

Kati ya picha zote nilizopiga kwenye harusi moja, ipo moja ambayo sikuipanga, na wala sikukumbuka kuipiga hadi nilipokutana nayo kwenye kompyuta kesho yake usiku. Ni picha ya dirisha la gari. Kioo kimepandishwa hadi juu, na juu yake daraja limejichora, nyaya zake zimepinda kufuata mviringo wa kioo. Nyuma ya nyaya hizo, ukitulia, unaona uso wa mwanamke mzee aliyejitanda mtandio. Mkono mmoja umeshika kishikio cha juu ya mlango, mwingine umelalia mkoba mapajani. Haitazami kamera. Anatazama upande ule ambako mjukuu wake amesimama na mkewe, hatua kama 40 hivi kutoka pale, katikati ya wapambe.

Nilikuwa nimerudi garini kuchukua betri. Nikainua kamera kupima mwanga, nikafyatua mara moja, nikarudi mbio darajani. Hata kioo sikugonga.

Huyo alikuwa bibi yake bwana harusi, mama wa mama yake, ndiye aliyemlea. Siku ile tulizunguka mjini kwenye vivutio saba, naye hakushuka garini hata mara moja. Hakuna aliyemzuia. Kila tuliposimama mtu mmoja alisema, "Bibi apumzike kwanza, hapa hatukai," na kila mara ilikuwa kweli kwamba hatukukaa.

Orodha ya vituo saba ilitoka kwa maharusi wenyewe. Waliniletea wiki mbili kabla, imeandikwa vizuri kwa mkono: mnara wa saa, ngazi za maktaba ya zamani, bustani ya mimea, ukuta wenye michoro, stesheni ya zamani ya treni, daraja la nyaya, halafu paa la jengo refu kungojea jua lizame. Kutoka kufunga ndoa hadi kuingia ukumbini palikuwa na saa tatu. Wakaniuliza kama inawezekana. Nilikuwa na miaka mitatu tu katika kazi hii, na kumwambia mteja "haiwezekani" kulinitia hofu ya kumpoteza. Nikasema inawezekana.

Hesabu yake niliifanya baadaye, na siku hizi naifanya mbele ya kila mteja, kwa kalamu na karatasi. Msafara wetu ulikuwa wa magari manne na watu 17. Msafara wa harusi haushuki garini kama mtu mmoja anavyoshuka. Bi harusi hutangulizwa miguu, gauni likakusanywa, kisha shela likaachwa lianguke lenyewe. Matroni anatafuta pini. Gari la nne limekosa pa kuegesha, limekwenda kuzunguka. Mpambe aliyevua viatu vya mchuchumio akavaa kandambili sasa anavirudisha, na kamba ya kimoja imekwama. Tangu gari la kwanza lisimame hadi watu wote wawe mbele ya kamera, ni dakika sita au saba. Kuwarudisha garini ni tatu nyingine. Weka 10. Mara saba, dakika 70. Mwendo kati ya kituo na kituo, foleni ikiwa na huruma, dakika 12. Mara sita ni 72. Jumla 142. Katika dakika 180 zimebaki 38, nazo uzigawe kwa saba. Unapata dakika tano na ushei kwa kila kivutio, na ndani ya dakika hizo tano uwapange watu, uwatulize, uwachekeshe, na upige.

Kwa hesabu kama hiyo, mtu anayehitaji dakika nne kushuka garini na mkongojo wake hana nafasi. Hapakuwa na ubaya wa moyo wa mtu yeyote. Ratiba ilishamwacha kabla hatujawasha magari, na mimi ndiye niliyeikubali.

Mnara wa saa tuliufikia saa tisa na robo, jua likiwa bado kali. Mnara wote unaonekana ukiwa umesimama katikati ya uwanja tu, kwa hiyo nikawasimamisha katikati ya uwanja. Jua likitoka juu namna ile, paji la uso na pua hung'aa, macho yakaingia kwenye vivuli viwili vyeusi, na kidevu kikatupa kivuli kingine shingoni. Bi harusi ambaye dada zake walikuwa wamempamba tangu alfajiri akaonekana amechoka. Hatua 30 kutoka pale kulikuwa na baraza la ofisi lenye nguzo, kivuli kizuri, na ukuta mweupe ng'ambo yake ukirudisha mwanga laini kama kitambaa kilichotandazwa. Ningewaweka pale, wangependeza, ila mnara usingeonekana. Nikachagua mnara. Leo nachagua baraza bila kufikiri mara mbili, kwa sababu mnara utakuwepo hata mwakani, na picha ya mnara peke yake wanaweza kuipata kwa yeyote.

Ngazi za maktaba, bustani na ukuta wa michoro vilipita haraka, sina mengi ya kuvisema. Stesheni ndiko tulikosimamishwa. Nilipofungua miguu mitatu ya kamera, mlinzi akaja akauliza kibali. Sikuwa nacho. Hakuwa mkali, alieleza kwamba picha za simu hazina shida, ila mtu akija na vifaa na kundi hiyo ni kazi ya biashara, na kazi ya biashara ina utaratibu wake. Alikuwa sahihi. Sehemu nyingi maarufu duniani zina sheria za namna hiyo. Trafalgar Square ya London inataka ruhusa kwa upigaji picha wa biashara. Taj Mahal hairuhusu miguu mitatu, na siku ya Ijumaa haipokei watalii. Mnara wa Eiffel, uliokamilika 1889, unaweza kuupiga picha mchana upendavyo, lakini mpangilio wa taa zake za usiku, uliobuniwa na Pierre Bideau mwaka 1985, unalindwa na hakimiliki, na mpiga picha anayetaka kuitumia picha hiyo kibiashara anapaswa kuomba idhini. Mambo haya mteja hana sababu ya kuyajua. Mpiga picha ndiye anayepaswa kupiga simu wiki mbili kabla, na mimi sikupiga. Dakika nane zikaondoka, tukageuza magari.

Pale stesheni, wapambe wakirudi garini, nilipita karibu na gari la Bibi. Dirisha lilikuwa limeshushwa nusu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza?"

"Bado viwili. Umechoka?"

"Sijachoka. Nendeni mkamalize, mimi nipo."

Nikaenda. Niliyachukua maneno yale kuwa ruhusa.

Wiki tatu baada ya kuwakabidhi kazi, bwana harusi alinipigia. Alishukuru kwa muda mrefu, akataja picha moja moja anayoipenda. Halafu akasema, "Dada, nilikuwa naomba na zile za Bibi akiwa na sisi mjini. Naona hazimo kwenye folda." Nikamwambia anipe siku moja. Nilijua hazipo, lakini nilikaa usiku huo nikafungua kila faili, zilizochaguliwa na zilizokataliwa, za kamera ya kwanza na ya pili. Nilimwona Bibi kwenye kufunga ndoa, kiti cha mbele. Nilimwona ukumbini, meza kuu. Kati ya hapo, saa tatu nzima, alikuwa kwenye picha moja tu, nyuma ya kioo. Nikamtumia. Akajibu kwa ujumbe: "Ndiyo hii tu?" Nikaandika: "Ndiyo hii tu, kaka." Nimewahi kuangusha lenzi majini na kupoteza kadi yenye picha za sherehe nzima ya mtoto, ila ujumbe huo ndio ulioniuma zaidi katika kazi hii.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa maharusi limekuwa: nani katika msafara wenu hawezi kupanda ngazi? Mara nyingi wananyamaza kwanza, wakatazamana. Kisha majina yanatoka. Babu ana goti. Mpambe mmoja ana mimba ya miezi minane. Shangazi haoni vizuri gizani. Nikishayapata hayo, ramani ya mji inabadilika mbele yangu. Kivutio kisicho na sehemu ya gari kusogea karibu nakiondoa. Kivutio kisicho na benchi nakibebea viti viwili vya kukunja. Na vituo saba vinakuwa viwili, mara chache vitatu, kwa kuwa muda wa kukaa mahali ndio unaowashusha watu garini. Watu wakijua mtakaa dakika 40, wazee wanashuka, watoto wanakimbia, mjomba anavua koti, na kila mmoja anaanza kuonekana alivyo.

Maharusi wengine wanabisha, na nawaelewa. Wanataka ushahidi kwamba walikuwepo kila mahali siku hiyo. Huwa nawaonyesha kwamba sehemu moja ukiizunguka vizuri inatoa picha za sehemu nne. Daraja lina juu yake, lina chini yake, lina ukingo wa mto ulio mbali nalo, lina barabara inayolielekea. Mfano mzuri ni ule mtaa wa Washington Street huko Brooklyn, New York, ambako maharusi hupanga foleni wapigwe katikati ya majengo ya matofali mekundu, daraja likiwa limesimama nyuma yao. Wengi huamini hilo ni Brooklyn Bridge. Ni Manhattan Bridge, la mwaka 1909, na ukisimama mahali penyewe unaona Empire State Building katikati ya miguu yake. Daraja halisimami katikati ya mtaa huo. Limeonekana hivyo kwa sababu mtu alitembea, akatafuta pembe.

Kuna na suala la umbali. Mtu akifika kwenye jengo kubwa anakimbilia kuliegemea. Mpiga picha anarudi nyuma hadi jengo lote liingie, na maharusi wanabaki kama vijiti viwili vya kiberiti. Fanya kinyume chake. Waache maharusi wasogee mbali na jengo, hatua 50 au 100, waje karibu na kamera, nawe utumie lenzi ndefu, milimita 85 au 135. Wao watajaa kwenye picha, na jengo litasogea nyuma yao, kubwa na tulivu. Siku ya harusi yenye wazee faida ni mbili: jengo linapendeza, na hakuna aliyelazimika kulifikia. Ngazi 60 za maktaba zinaonekana vizuri zaidi kutoka ng'ambo ya barabara, penye mti na benchi, kuliko ukiwa umezipanda.

Picha ya watu wote ina maarifa yake. Lenzi pana huwavuta walio pembeni, vichwa vikarefuka na mabega yakapanuka, kwa hiyo usimweke pembeni mtu ambaye tayari anauogopa mwili wake. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, mstari wa nyuma unapoteza ukali. Nalibana hadi namba 8 (f/8), au 5.6 mwanga ukiwa hafifu. Na macho: wapo Waaustralia wawili, Nic Svenson na Piers Barnes, waliopata Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha, mwaka 2006 kwa kukokotoa ni picha ngapi upige ili uwe karibu na uhakika kwamba ipo moja ambayo hakuna aliyefumba. Kundi lisipofika watu 20, gawanya idadi yao kwa tatu kukiwa na mwanga mzuri, au kwa mbili mwanga ukiwa mbaya. Watu 12 mchana ni picha nne. Jioni ni sita. Naitumia kanuni hiyo kila wiki, na naongeza moja kwa ajili ya mtoto.

Lakini kinachoniumiza kichwa zaidi ni jua la jioni. Maharusi huja na ratiba walizozitoa intaneti, zimeandikwa: saa nzima ya dhahabu kabla ya magharibi. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, rangi ya buluu ikatawanywa njiani, tukabaki na ile ya asali inayolainisha kila ngozi. Hilo ni kweli popote. Urefu wa saa hiyo ndio unaotofautiana. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo kutoka nyuzi sita juu ya upeo hadi kuzama ni takriban dakika 24. Stockholm mwezi Juni jua hilohilo huteremka kwa mshazari, na nyuzi zilezile sita huligharimu zaidi ya saa nzima. Ratiba iliyoandikwa na mtu wa kaskazini, ukiifuata ukiwa karibu na ikweta, itakupa zaidi ya nusu saa ya jua kali na giza la ghafla. Ndivyo ilivyotupata kwenye paa la jengo refu. Tulifika likiwa limebaki jekundu la unene wa kidole. Lifti ilikuwa ya watu wanane. Nilipiga picha 11 pale juu, katika tisa maharusi ni vivuli vyeusi, na Bibi alikuwa chini, kwenye maegesho ya ghorofa ya kwanza ambako hata hilo jekundu halikufika.

Kwa hiyo sasa naanzia mwisho. Naangalia jua linazama saa ngapi siku hiyo, narudi nyuma dakika 40, na hapo ndipo kituo kikubwa kinapowekwa, tukiwa tumeshawasili, tumeshashuka, tumeshakaa. Mengine yote yanasogezwa kuipisha saa hiyo. Wapishi na mshereheshaji hulalamika. Nawaomba radhi mapema.

Kuna kivutio kimoja ninachokiwaza sana nikikumbuka kazi ile. Ni Cloud Gate, kazi ya Anish Kapoor iliyokamilika mwaka 2006 katika Millennium Park mjini Chicago. Ina urefu wa mita 20 na kimo cha mita 10, imeungwa kwa vipande 168 vya chuma cha pua, na maungio yake yamesuguliwa hadi hayaonekani. Kwa umbo lake watu wameiita haragwe. Chuma chenyewe ni kioo. Ukiwasimamisha maharusi mbele yake, kinachoonekana nyuma yao ni mji mzima uliopinda, anga, na kila mtu aliyesimama upande wako: matroni mwenye kandambili mkononi, dereva, mtoto aliyechoka, na mpiga picha mwenyewe. Wapiga picha wengi huhangaika kujificha na kuwatoa watu hao kwenye fremu. Mimi ningewaacha. Mahali pale aliyebaki nyuma ameshika mikoba ya wenzake yumo kwenye picha bila kuitwa.

Ndiyo maana picha ya dirisha sikuifuta. Kuna kichujio cha lenzi kinachoondoa mng'ao wa kioo. Ukikizungusha, daraja linafutika na uso ulio ndani unatokea safi. Siku hiyo sikuwa nacho. Kingekuwepo, ningempata Bibi na kulikosa daraja.

Nikiwa najisomea habari za madaraja, nilikutana na kisa cha Brooklyn Bridge ambacho sijaacha kukisimulia. Mhandisi wake mkuu, Washington Roebling, aliugua vibaya mwaka 1872 kutokana na kufanya kazi ndani ya vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya mto. Kwa miaka mingi hakuweza kufika kwenye kazi yake mwenyewe. Alilitazama daraja likipanda kutoka dirishani kwake kwa darubini, na mkewe, Emily, akawa anapeleka maelekezo, akajifunza hesabu na nguvu za vyuma hadi mafundi wakawa wanamuuliza yeye. Mwaka 1883 daraja lilipokuwa tayari, Emily ndiye aliyetangulia kulivuka kwa gari la farasi, amepakata jogoo kama ishara ya ushindi. Nilipofika hapo kwenye kisa, pa mtu aliyetazama daraja kutoka dirishani, nilifunga kitabu nikampigia bwana harusi.

Ulikuwa umeshapita mwaka na miezi miwili. Nikamwambia, "Kaka, mlete Bibi. Uchague asubuhi yoyote, aje na mkeo, msivae chochote cha harusi. Sitachukua malipo." Alinyamaza kidogo, akauliza kama picha hiyo itakuwa bado ni ya harusi. Nikamweleza habari ya Malkia Victoria. Alipoolewa na Albert mwezi Februari 1840, ugunduzi wa Daguerre wa namna ya kupiga picha ulikuwa umetangazwa mwaka uliotangulia tu, na hakuna picha iliyopigwa ya siku yao. Ile ambayo watu wengi huiita picha ya harusi yao ilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854, miaka 14 baadaye, wamevaa mavazi ya ikulu. "Ninyi mmechelewa mwaka mmoja tu," nikasema.

Walikuja siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Kituo kimoja. Nilibeba kamera moja, lenzi mbili na kiti cha kukunja. Mjukuu akafungua mlango wa gari, Bibi akatoa mguu wa kwanza, akausimamisha, akatoa mkongojo, akautafutia mahali, akatoa mguu wa pili. Nilihesabu: dakika tatu na nusu. Kutoka mwanzo wa daraja hadi katikati ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima. Sisi tulitumia 35. Alikaa kwenye kiti mara mbili, na kila akikaa alitazama kitu kingine: mara ya kwanza mvuvi aliyekuwa chini, mara ya pili mwanga uliokuwa umeanza kupanda kwenye maghorofa, dirisha baada ya dirisha. Sikumpanga. Sikumwambia atabasamu. Jua lilikuwa limeinuka kidogo tu na uso wake wote ulikuwa rangi ya asali, mikunjo na yote.

Katikati ya daraja kuna mahali waya mkubwa unashuka hadi usawa wa kiuno. Bibi alimpa mjukuu mkongojo, akaweka kiganja juu ya waya, akakisogeza taratibu kufuata jinsi nyuzi zilivyojipinda.

"Nani alizisuka hizi?"

"Mafundi, Bibi. Kwa mashine."

"Amezisuka vizuri. Siku ile nilidhani ni fimbo." Akaendelea kupapasa. "Kutoka garini nilikuwa naona migongo yenu tu."

Mjukuu alisogea akamshika bega, mkewe akaja upande wa pili, na nikapiga nyingi, sikuhesabu. Nilikuwa nimerudi nyuma kama hatua kumi, nimepiga goti, Bibi aliponiona niko peke yangu.

"Na wewe njoo huku."

"Nikija nani atapiga, Bibi?"

"Huyo hapo." Alimwonyesha kijana aliyekuwa anapita na begi mgongoni. Kijana akasimama, nikampa kamera, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Picha hiyo imepinda kidogo upande wa kushoto, na kidole cha kijana kimeingia kwenye kona. Maharusi wanacheka, macho ya bwana harusi yamefumba, maana ilipigwa moja tu. Mimi nimesimama pembeni kabisa. Bibi ameutundika mkoba wake kwenye kiwiko, na mkono wake mmoja umenishika mkono wangu juu ya kifundo, kwa nguvu, kama alivyokuwa ameshika kishikio cha gari.